Pazia la Odeta

Odeta Lugendo ukimpa soda, anakagua kizibo kwanza. Ukimsifia kitenge chake, anakuuliza unataka nini. Michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo Machibya alimletea kila alipotoka Sengerema, imefungwa vizuri na mkewe Paskazia kwenye mfuko safi, haikuingia kinywani mwa Odeta hata siku moja kabla Machibya mwenyewe hajaitafuna mbele yake. Na katika okestra nzima, Machibya ndiye aliyekuwa mtu wake. Sasa fikiria sisi wengine tuliishije.

Mimi naitwa Yeremia, napiga ngoma za shaba, yale masufuria makubwa yanayokaa nyuma kabisa. Mpiga ngoma wa okestra kazi yake kubwa ni kukaa kimya. Wenzako wanapiga, wewe unangoja, na ukipitiwa ukagonga kabla ya wakati wako ukumbi mzima unageuka kukutazama kama umeiba kuku. Basi katika kungoja huko nimepata nafasi ya kuwachunguza watu. Niliyemchunguza zaidi ni Odeta, kwa sababu hata mgongo wake ulikuwa unatushuku.

Watu wengi wa Mwanza hawajui kama tuna okestra. Ukiwaambia, wanauliza kama ni ya dansi. Okestra ya Ghuba ilianza kama bendi ya matarumbeta ya parokia moja huko Misungwi, ya kupiga kwenye sikukuu na misiba. Padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao akaacha stoo makasha ya fidla ambayo hakuna aliyejua ayafanye nini. Mwalimu wa kwaya, Mzee Josephat, akayafungua, akajifundisha, kisha akawafundisha vijana wa kwaya. Odeta alikuwa mmoja wao, binti wa mkulima wa pamba, mrefu, mkimya, vidole vigumu kwa palizi. Mzee Josephat hupenda kusema kwamba wengine wote walimwuliza fidla inashikwaje. Odeta alimwuliza kwa nini padri ameziacha.

Baadaye wakahamia mjini. Mama Zahabia, ambaye familia yake ilinunua pamba ziwa zima tangu enzi za babu yake, akawapa ghala lao la zamani pale Igogo. Hakutoza chochote. Marehemu baba yake alikuwa mpiga fidla wa kujifurahisha, na yeye alikuwa anakuja kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, anasikiliza, anaondoka. Odeta alimchunguza miaka mingi akitafuta faida anayoipata. Hakuiona, na hiyo ndiyo ilimtia wasiwasi zaidi.

Na usidhani kazi yetu ni kuvaa suti nyeusi na kupiga nyimbo za Wazungu waliokufa. Asubuhi tunaweza kuwa shule ya msingi, watoto wanagombania kugusa tromboni. Mchana tuko wodi ya watoto, wachache tu, fidla na filimbi, tunapiga polepole ili wauguzi wasitufukuze. Jumamosi harusi. Diwali tunaitwa na Wahindi, Krismasi tunaitwa na maaskofu, Idi tunapumzika. Tumempigia nyuma msanii wa bongo fleva aliyefika amechelewa na miwani ya jua wakati jua limeshazama. Tumepiga tangazo la mafuta ya kula. Tumekwenda Ukerewe na besi kubwa imefunikwa nailoni kama maiti, abiria wakitupa pole. Na kote huko Odeta alikuwa anasema, "Angalieni, hawa watatuzunguka." Wale wa tangazo kweli walituzunguka, wakaichukua sauti yetu wakaitumia kwenye tangazo la sabuni pia. Hapo ndipo ubaya ulipo. Mara nyingine alikuwa sahihi, na mtu wa kushuku akiwa sahihi mara moja, aisee, humwambii kitu mwaka mzima.

Lakini haki yake nimpe. Hakuzaliwa hivyo, alifanywa. Zamani tulikuwa na mwenyekiti, sasa ameshaondoka, aliyemleta shemeji yake kwenye safu ya fidla za pili. Yule mama alikuwa anashika upinde kama mtu anayekaanga maandazi. Akapewa kiti cha mbele. Odeta, aliyekuwa akiongoza safu, akarudishwa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo. Alikaa pale miaka. Kila Jumamosi alikuwa anapita mbele yetu na fidla yake, anatusalimia mmoja mmoja, na kukaa pale karibu na choo. Mwenyekiti alipoondoka akarudishiwa nafasi yake, ila yule Odeta wa kwanza hakurudi naye.

Kwa hiyo okestra ilipopata wafadhili na kuanza kutoa ajira za kudumu, yeye ndiye aliyesimama kwenye mkutano akadai pazia. Alikuwa amesikia kwamba okestra kubwa za nje zinafanya hivyo: anayeomba kazi anapiga nyuma ya pazia, wanaoamua wanasikia tu, hawaoni sura wala kabila wala shemeji. Tukakubali. Lakini Odeta hakuishia hapo. Akataka mwombaji aingie bila viatu, maana viatu vinajulikana. Akataka waitwe kwa namba. Akataka anayetunza pazia asitamke neno, na akitamka, yule mwombaji aliyesaidiwa aondolewe papo hapo. Mwisho akataka kura ikishanyanyuliwa isibadilishwe kwa sababu yoyote, hata kama baba yako mzazi ndiye atakayetokea. Mzee Josephat akauliza, "Odeta, hata tukikosea?" Odeta akajibu, "Mzee, wezi wote husema walikosea." Tukapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga, tena kwa nguvu.

Sasa nikuambie habari za Machibya.

Fidla zinakaa wawili wawili, karatasi moja mbele yao. Wa nje anaongoza, wa ndani ndiye anayefunua ukurasa. Machibya alikuwa wa ndani, Odeta wa nje, miaka yote tangu Odeta arudishiwe kiti. Jamaa mpole, mwenye kicheko cha tumboni, anayekuja kila mara kwa kivuko cha Kamanga na fidla mgongoni kama mtoto. Hakuwa na ajira. Alikuwa anaitwa kazi ikiwepo, isipokuwepo anakaa Sengerema na Paskazia na watoto. Fidla yake yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, ina ufa, na ukipiga waya wa chini inakoroma. Okestra nzima tuliujua mkoromo ule. Tukisafiri na kupotezana stendi, tulikuwa tunaufuata.

Walikuwa wameelewana, hao wawili, kuliko mtu na mkewe. Kuna kipande kimoja alichokitunga Mzee Josephat, tunakipiga kila mwaka. Kwenye karatasi noti nne zimeunganishwa, zipigwe kwa mvuto mmoja wa upinde. Odeta na Machibya walikuwa wanaikata ile ya nne, wanaipiga peke yake kwa kuinyanyua, kama mcheza ngoma ya bugobogobo anavyonyanyua jembe. Machibya ndiye aliyeigundua, akaiweka kwa penseli kwenye karatasi yao. Ikawa tamu ajabu. Odeta akawa anaifungia karatasi ile kabatini na ufunguo anaondoka nao nyumbani, eti isiibwe. Tulimcheka. Nani aibe noti moja?

Mwaka huu kikatangazwa kiti kimoja cha fidla za pili. Ajira ya kudumu. Machibya alipoisikia habari hiyo hakucheka, na hapo ndipo nilipojua amebanwa. Shemeji yake alikuwa amemtafutia kazi ya stoo mgodini Geita, na jibu lilitakiwa Jumatatu inayofuata. Akikipata kiti, Paskazia na watoto wanahamia Mwanza na yeye anabaki na fidla. Akikikosa, anakwenda Geita, na stoo ya mgodi haina mapumziko ya mazoezi.

"Ni wewe tu," Odeta alimwambia. "Ila watakuja watu wa Dar. Watakuja na ujanja wao. Nitakuwa macho."

"Dada, waache wapige, na mimi nipige," Machibya akasema.

"Wewe huwajui watu, mdogo wangu."

Wiki ya mtihani Mama Zahabia akamwita Machibya pembeni, akampa kasha. Ndani mna fidla ya marehemu baba yake, nyekundu iliyokolea, sauti safi kama maji ya mtungi. "Ipigie hii Jumamosi," alimwambia. "Ile yako inanitia huruma." Machibya akanionyesha mimi, niliyechaguliwa kutunza pazia, kwa sababu ilibidi nijue. Nikamwambia, "Mweleze dada Odeta." Akakunja uso. "Nikimweleza ataanza kuuliza Mama Zahabia anataka nini kwangu. Atamwuliza na mwenyewe. Ataniaibisha. Mwache, atajua nikishinda." Nilimwona ana akili. Mimi pia nisingemwambia.

Jumamosi asubuhi tukafungua ghala. Pazia lilikuwa la turubai la bluu, limefungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Upande wa pili wanakaa watu watano wa kuamua: Mzee Josephat, ambaye ndiye mwongozaji wetu, Odeta, Gladness wa filimbi, mtu wa selo, ile fidla kubwa inayopigwa umekaa, na mtu wa tromboni. Upande huu niko mimi na waombaji watatu, wote na soksi. Wa kwanza alikuwa kijana wa Arusha, anatetemeka tangu mlangoni. Wa pili, Jonathan, ndiye huyo wa Dar. Alikuwa mtu mzima, ametulia, amevaa shati limepigwa pasi. Akafungua kasha lake, halafu akabaki ameinama. Shingo ya fidla yake ilikuwa imevunjika vipande viwili. Basi lilikuwa limepanga magunia juu yake njia nzima.

Hakulia. Alikuwa anakigusa kile kipande tu, anakirudishia mahali pake, kinaanguka. Akaninong'oneza kwamba basi, niwaambie namba mbili amejitoa.

Machibya alikuwa amekuja na fidla zote mbili, kwa wasiwasi, maana ya Mama Zahabia hakuwa ameizoea vizuri. Akaichukua ile yake yenye ufa akamwekea Jonathan mapajani. "Inakoroma kidogo," alimwambia. "Usiiogope."

Nikamvuta shati. Nikamwuliza kwa mdomo mtupu, bila sauti, kama ana wazimu. Akanisogelea sikioni. "Yeremia, nikimshinda mtu asiye na fidla nimeshinda nini sasa?" Mweh! Nilitamani kumzaba kofi. Lakini pazia limeshafungwa, kanuni zimeshaanza, na mimi hapo nilikuwa sina haki hata ya kukohoa.

Pazia lile lina tundu dogo, na mimi ndiye niliyelijua. Nikaweka jicho.

Kijana wa Arusha alipiga kile kipande cha Mzee Josephat, ambacho wote watatu walipewa, akapotea katikati, akamaliza. Odeta alikuwa amekaa na mikono imekunjwa, anawatazama wenzake, siyo pazia. Alikuwa anamwangalia Gladness kama anapokea ishara yoyote.

Akaja namba mbili. Jonathan akavuta waya wa chini, na fidla ya Machibya ikakoroma.

Uso wa Odeta ukafunguka. Jamani, mimi nimemfahamu mama yule miaka mingi, sijawahi kumwona vile. Alitabasamu kama mtu aliyemwona mwanawe kwenye mahafali. Jonathan alipiga vizuri, niseme ukweli, vizuri sana, na pale penye noti nne akaziunganisha zote kama karatasi inavyosema. Odeta akashtuka kidogo. Kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anasema, sawa, unaogopa, unafuata kitabu, umefanya vizuri. Nilijua kabisa anachokiwaza, na sikuwa na la kufanya.

Namba tatu. Machibya akasimama na ile fidla nyekundu. Akavuta pumzi, akapiga.

Sijui niseme nini. Miaka yote ile tulikuwa tunamsikia mtu huyu kupitia ufa. Nilikuwa sijui kama ana sauti ile. Gladness alifumba macho. Mtu wa selo aliiweka kalamu chini. Mzee Josephat aliinamisha kichwa na mkono wake ukaanza kuongoza peke yake pale mezani, na mimi nikawa nasema moyoni, amepata, mshenzi huyu amepata. Halafu akafika kwenye zile noti nne. Tatu kwa mvuto mmoja, na ya nne akainyanyua.

Odeta akaruka kitini.

"Simamisha! Mwizi huyo!"

Machibya akaacha upinde hewani.

"Odeta, kaa," Mzee Josephat akasema.

"Sikai! Mzee, umesikia alichofanya? Noti ile inakatwa na watu wawili tu, mimi na Machibya, na karatasi nimeifungia. Mtu wa nje ameijuaje? Kuna aliyefungua kabati. Kuna mtu humu ndani amempa mtu wa Dar karatasi yetu!"

"Hatujui kama ni wa Dar. Hatujui nani ni nani."

"Masikio unayo, Mzee! Machibya tumeshamsikia. Fidla inayokoroma hujaisikia?"

"Hatukuweka pazia ili tutafute majina, Odeta. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

"Tuliliweka ili tusiibiwe!" Akawanyooshea wenzake kidole. "Na nyie mnasinzia, mmelewa. Msikilizeni vizuri. Hakuna mtu anayepiga hivi kwa haki. Huyu amekuja kumnyang'anya mtu maskini kiti chake. Anajua kila kitu chetu. Mimi wa namna hii nawajua."

Nikageuka kumtazama Machibya. Turubai lilikuwa katikati yao, hatua chache tu. Alikuwa amesimama na soksi zake, moja ina tundu kidoleni, fidla bado iko begani, na kila neno linamwingia. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nataka kupiga kelele, dada Odeta, ni yeye, ni mtu wako huyu. Machibya akaniwahi, akaweka kidole kwenye midomo. Neno moja tu kutoka kwangu na yeye anaondolewa. Nikameza. Yeye akaishusha fidla, akafuta vumbi la upinde kwenye waya kwa kitambaa, polepole, kama alivyofundishwa na Odeta.

Kule mbele Mzee Josephat alilitazama pazia. Nadhani alishahisi. Lakini angesemaje? Akasema tu, "Kila mtu apige kura kwa alichokisikia." Vibao vya namba vikanyanyuliwa. Mzee mwenyewe, tatu. Mtu wa selo, tatu. Odeta, mbili. Mtu wa tromboni, mbili. Akabaki Gladness. Alikuwa ameshika kibao cha tatu, nilikiona. Akamtazama Odeta, akatazama kabati, akaogopa kuonekana ndiye aliyetoa karatasi. Akakirudisha mezani akainua cha mbili.

"Yeremia, fungua," Mzee akasema.

Nilifungua. Jonathan akatoka wa kwanza, fidla ya Machibya mkononi. Odeta alikuwa ameshasimama, mikono ameitanua ya kumkumbatia mtu wake. Ikabaki imetanuka. Akaitazama fidla, akamtazama yule mtu asiyemjua, akaitazama tena fidla. Kisha Machibya akatoka na ile nyekundu.

Jonathan ndiye aliyeanza kusema. Alikuwa muungwana, siwezi kumsema vibaya. "Wazee shikamooni. Fidla hii si yangu. Yangu imevunjikia njiani, kaka huyu ndiye aliyenisaidia. Kama kuna kosa, mniondoe mimi."

"Mzee," Odeta akasema. "Mzee, nabadilisha kura."

Mzee Josephat alivua miwani. Alikuwa amezeeka ghafla. "Siwezi, binti yangu."

"Nimekosea!"

"Najua umekosea. Nikirudia leo, huyu wa Dar atarudi kwao akisema Mwanza tulirudia mtihani ili mtu wetu ashinde. Na atakuwa anasema kweli."

Odeta akamgeukia Machibya. "Kwa nini hukukohoa? Mdogo wangu, kwa nini hukukohoa tu, nikajua ni wewe?"

"Ungesema nimetoa ishara," Machibya akajibu.

"Basi chukua kiti changu! Mzee, andika, mimi naacha, leo leo, kiti changu apewe Machibya."

Hapo mezani nikasikia mnong'ono. Alikuwa yule mtu wa tromboni, anamwambia mwenzake wa selo, "Kumbe walipanga wapeane kiti." Hakukusudia tusikie, lakini ghala la pamba halina siri, kila kitu kinarudi. Odeta alisikia. Machibya alisikia, akacheka, ila si kile kicheko cha tumboni.

"Umesikia mwenyewe, dada? Nikikaa hapo, nitakaa na hilo maisha yangu yote." Akairudisha ile fidla nyekundu kifuani, ameikumbatia. Hakuwa na hasira ya kupiga kelele. "Kukosa kiti sijali sana. Watu wanakosa. Lakini nimekaa ubavuni kwako miaka yote hii, nimekufunulia kila ukurasa. Leo umeusikia mkono wangu bila sura yangu, na neno la kwanza lililokutoka ni mwizi. Sasa mimi nitakaaje tena pale? Nikishika karatasi nitakuwa nakuangalia kama unaniangalia."

Akanikabidhi fidla nyekundu nimrudishie Mama Zahabia, na salamu. Jonathan akamnyooshea ile yenye ufa. Akaipokea, akaitia kwenye kasha, akavaa viatu, akatoka. Kivuko cha mchana kilikuwa bado hakijaondoka. Jumatatu akaenda Geita.

Watu wakatawanyika bila kuagana. Nikabaki mimi, nakunja turubai, na Odeta kwenye kiti. Alikuwa analia bila kujifuta, machozi yanadondokea kwenye kitenge. Nikakunja, nikakunja, nikawa sina cha kukunja tena. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa namwonea huruma.

"Yeremia," akaniita. "Wewe ulijua."

"Nilijua, dada."

"Tangu namba mbili ulijua. Uliniona ninavyofurahi. Ukanyamaza." Akainua macho. Machozi bado yanamtoka, lakini macho yenyewe yalikuwa yameshabadilika, yameshaanza kunikagua. "Yule wa Dar alikuahidi nini?"

Haki ya Mungu, nilitaka kumtukana. Tusi lilishafika kwenye ulimi. Lakini nilipomwangalia vile alivyokaa, peke yake na viti vile vyote, tusi likaisha lenyewe.

"Hakuniahidi kitu," nikamwambia. "Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakuogopa wewe. Na Gladness alikuogopa wewe. Na Machibya alikuficha habari za fidla kwa sababu anakuogopa wewe. Sisi sote hapa, dada, hatumwogopi mtu mwingine yeyote."

Alinitazama muda mrefu, anaupekua uso wangu kila mahali, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Kweli?"